Mazoezi ya Mwili na Maradhi ya Usahaulifu: Kinachouzwa na Kinachothibitika

Matini ya hotuba kwa watumiaji wa huduma



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mizani, tarehe za mwisho wa matumizi na umuhimu wa kudai risiti. Leo tumechagua jambo ambalo huenda likaonekana kuwa mbali na kazi yetu: mazoezi ya mwili kama tiba kwa mtu ambaye akili na kumbukumbu zimeanza kumpungua kwa maradhi. Tumelileta hapa kwa sababu moja tu, kwamba ahadi ya kurudisha kumbukumbu ni kitu kinachoweza kuuzwa. Kinaweza kuuzwa kwa kifurushi cha miezi mitatu, kwa malipo ya mkupuo, kwa mwalimu kuja nyumbani, au kwa kifaa cha kuzungusha miguu kilichobandikwa karatasi yenye picha ya ubongo. Na mnunuzi wake huwa ni mtu aliye katika hali ngumu kuliko wanunuzi wote tunaowahudumia, yaani mtoto anayemtazama mzazi wake akimpotea machoni.

Tuseme mama wa mtu ana umri wa miaka 74. Ameanza kuuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Amesahau chungu mekoni mpaka maji yakakauka. Juzi alipotea njia ya kutoka sokoni, njia aliyoipita kwa miaka 30. Mwanawe ameona tangazo linalosema kwamba mazoezi maalumu, yaliyothibitishwa kisayansi, huponya hali hiyo. Bei yake ni karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi. Je, alipe?

Kabla ya kumjibu, hatuna budi kueleza ugonjwa wenyewe. Waganga huuita dimenshia. Si ugonjwa mmoja bali ni jina la hali inayoletwa na maradhi kadhaa yanayoharibu ubongo. Lililo kubwa kati yake ni maradhi ya Alzheimer, ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Shirika hilo linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na hali hii, na walio wengi wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, watafiti waliowachunguza wazee wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, waliripoti mwaka 2013 kwamba kiwango chake kilikuwa asilimia 6.4 baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Si maradhi ya Ulaya, basi, na wala si uzee tu. Mzee anayesahau alipoweka miwani anazeeka. Mzee anayesahau miwani ni ya nini anahitaji kupelekwa hospitali.

Tunasema hospitali kwanza, na tunaomba mtuvumilie tukikaa kidogo hapa, maana hapa ndipo fedha nyingi zinaweza kuokolewa. Si kila upotevu wa kumbukumbu ni dimenshia. Tezi ya shingo ikizembea, mtu hupoteza umakini. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuchanganya akili. Sonona ya mzee aliyefiwa na mwenziwe hufanana mno na usahaulifu wa maradhi. Maambukizi ya njia ya mkojo humfanya bibi aongee mambo yasiyoeleweka usiku kucha, na akitibiwa hurudia hali yake. Dawa fulani za usingizi na za mzio huleta utando katika fikra. Mzee aliyeanguka majuma machache yaliyopita anaweza kuwa na damu iliyovuja chini ya fuvu. Haya yote yana matibabu yanayojulikana. Anayempeleka mzee wa namna hiyo moja kwa moja kwenye mazoezi anapoteza fedha, na zaidi ya fedha anapoteza muda ambao hauwezi kurudishiwa na ofisi yoyote.

Sasa tuje kwenye tangazo. Kosa la kwanza la matangazo ya namna hii, na kwa maoni yetu ndilo lenye madhara kuliko yote, ni kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza: je, mtu mwenye akili timamu akifanya mazoezi atapunguza uwezekano wa kuugua baadaye? Swali la pili: je, mtu aliyekwisha kuugua akifanya mazoezi atapata nafuu ya akili? Muuzaji huchukua jibu la swali la kwanza akalibandika juu ya swali la pili.

Kwa swali la kwanza kuna matumaini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza hatari ya kudhoofika kwa akili, likawapendekezea mazoezi watu wazima ambao akili zao ni timamu. Kwa wale ambao kumbukumbu zao zimeanza kulegea kidogo, pendekezo lilikuwa la tahadhari zaidi. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet lilitaja mwaka 2020 mambo 12 yanayoongeza hatari na yanayoweza kurekebishwa, na kukaa bila kuushughulisha mwili ni mojawapo. Mwaka 2024 orodha hiyo ilifikia mambo 14.

Hata hivyo, hata hapo mambo si mepesi. Huko Uingereza kuna utafiti unaowafuata watumishi wa serikali 10,308 wa ofisi za London waliokuwa na umri wa miaka 35 hadi 55 ulipoanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, baada ya ufuatiliaji wa zaidi ya miaka 25, hayakuonyesha kwamba waliokuwa wakifanya mazoezi zaidi walikingwa. Yalionyesha jambo jingine: waliokuja kuugua walianza kupunguza mazoezi takriban miaka tisa kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Maana yake ni kwamba mara nyingine tunamwona mtu asiyetembea akiugua, tukadhani kutotembea ndiko kulikomwuguza, ilhali ugonjwa uliokuwa umejificha ndio uliomkalisha chini. Wapimaji wa sayansi wanaujua mtego huu vizuri. Waandishi wa matangazo, aghalabu, hawautaji.

Utafiti mwingine unaoweza kutumiwa kuuzia mazoezi ni ule wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, ambamo wazee 120 waligawanywa, wengine wakatembea kwa mwendo wa haraka mara tatu kwa juma muda wa mwaka mmoja. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, yenye kazi kubwa katika kumbukumbu, iliongezeka kwa asilimia 2 kwa waliotembea. Ni utafiti mzuri. Lakini wazee wale hawakuwa na dimenshia. Kumwonyesha mtoto wa mgonjwa matokeo hayo bila kumwambia hivyo ni sawa na kuuza mbegu kwa kuonyesha mavuno ya shamba la jirani lenye udongo tofauti.

Tunafika kwenye swali la pili, lile la mama yetu wa miaka 74. Kwa miaka mingi tafiti ndogo ndogo zilikuwa zikitoa majibu yanayopingana. Mwaka 2015 tathmini ya mtandao wa Cochrane ilikusanya majaribio 17 yenye washiriki 1,067, na hitimisho lake likawa kwamba hakuna ushahidi kuwa mazoezi yanaboresha fikra na kumbukumbu za wagonjwa. Palikuwa na dalili kwamba huenda yakasaidia katika shughuli za kila siku kama kuvaa na kula. Mwaka uliofuata wengine walikusanya majaribio 18 wakaona faida. Mlaji wa kawaida afanye nini katikati ya wataalamu wanaotofautiana? Hungoja jaribio kubwa lililopangwa vizuri, na jaribio hilo lilikuja.

Lilifanyika Uingereza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la nchi hiyo, BMJ. Watu 494 wenye dimenshia ya kiwango kidogo hadi cha wastani, wastani wa umri wao ukiwa miaka 77, waligawanywa kwa kubahatisha: 329 wakapewa mazoezi pamoja na huduma ya kawaida, 165 wakabaki na huduma ya kawaida peke yake. Haikuwa mizaha. Kwa miezi minne walikutana mara mbili kwa juma, dakika 60 hadi 90 kila mara, wakaendesha baiskeli zisizotembea na kunyanyua uzito, na kila mmoja akapewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Waliowapima baadaye hawakuambiwa nani alikuwa kundi gani, ili macho yao yasipendelee.

Baada ya miezi 12 walipimwa kwa kipimo cha akili kinachoanzia 0 hadi 70, ambacho alama kubwa humaanisha hali mbaya zaidi. Waliofanya mazoezi walipata wastani wa 25.2, na wasiofanya walipata 23.8. Tafadhali zisomeni tena tarakimu hizo. Kundi la mazoezi halikupata nafuu. Alama zake zilikuwa mbaya kidogo zaidi. Watafiti wenyewe walieleza kwamba tofauti ni ndogo na kwamba haijulikani kama ina uzito wowote katika maisha ya mgonjwa, kwa hiyo sisi pia hatusemi kwamba mazoezi yanaharibu akili. Tunachosema ni kwamba jaribio kubwa kabisa la aina yake halikumpa muuzaji sababu yoyote ya kuandika neno "huponya" kwenye tangazo lake. Miili ya washiriki iliimarika kwa muda, wakaweza kutembea mbali zaidi. Lakini nguvu hizo hazikupanda mpaka kichwani, wala hazikupunguza maanguko, wala hazikubadili shughuli zao za kila siku.

Kama tungeishia hapa tungekuwa tumewadhulumu. Kuna mambo mawili ya kuongeza, yote kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya.

Nchini Finland, wagonjwa 210 wa Alzheimer waliokuwa wakiishi nyumbani na wenzi wao walifuatiliwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia mara mbili kwa juma, saa moja kila mara. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya pamoja katika kituo. La tatu lilipata huduma ya kawaida. Mwaka ulipokwisha makundi yote yalikuwa yamepungukiwa uwezo wa kujihudumia, maana ugonjwa huu haurudi nyuma. Lakini waliofanyiwa mazoezi nyumbani walipungukiwa polepole zaidi, na makundi yote mawili ya mazoezi yalianguka mara chache kuliko lile la tatu. Mliowahi kumwuguza mzee aliyevunjika nyonga hamhitaji maelezo yetu juu ya thamani ya kutoanguka.

Nchini Denmark, wagonjwa 200 wenye Alzheimer ya kiwango kidogo walifanya mazoezi ya kuhema, saa moja mara tatu kwa juma, kwa majuma 16. Kipimo kikuu cha akili hakikuonyesha tofauti. Hata hivyo dalili za hisia na mwenendo, ambazo ndizo huwachosha sana wauguzaji wa nyumbani, zilikuwa nafuu katika kundi la mazoezi. Ilionekana pia kwamba wale waliohudhuria karibu vipindi vyote na kujituma sana walikuwa wepesi kidogo wa fikra. Muuzaji atalishika hili la mwisho kwa mikono miwili. Ninyi mkumbuke kwamba anayeweza kuhudhuria kila kipindi kwa majuma 16 yumkini alikuwa na afya bora tangu mwanzo.

Basi, kwa yule kijana mwenye tangazo mkononi, jibu letu ni hili: asilipe nusu ya mshahara kununua kumbukumbu, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba kumbukumbu inapatikana katika duka hilo. Akitaka kulipia miguu yenye nguvu zaidi, mwili usioyumba, na saa moja ambayo mama yake atakuwa na watu badala ya kukodolea ukuta, hiyo ni bidhaa halali, ila bei yake ilinganishwe na namna nyingine za kuipata. Kutembea na mjukuu mpaka msikitini au kanisani na kurudi hakutozwi kodi wala kiingilio. Kwa wazee kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Bibi aliyelima maisha yake yote hatakubali kirahisi kupanda baiskeli isiyokwenda popote, na sisi hatumlaumu.

Na anayetafuta kitu kinachogusa akili yenyewe anaweza kuuliza juu ya vikundi vya kuchangamsha fikra, ambamo wagonjwa hukutana na kuongozwa katika mazungumzo, michezo na kumbukumbu za zamani. Njia hiyo ilijaribiwa Hai hiyo hiyo kwa wagonjwa 34, ikarekebishwa ifae mazingira ya kijijini, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuwa ya kutia moyo kwa fikra na kwa utulivu wa wagonjwa. Ni utafiti mdogo, na tukiusifu kupita kiasi tutakuwa tunafanya yale yale tunayoyakemea. Huko Uingereza, hata hivyo, mwongozo wa taifa wa mwaka 2018 unapendekeza vikundi vya aina hiyo kwa wenye dimenshia ndogo hadi ya wastani. Mwongozo huo huo unawaagiza waganga wasitoe vidonge vya vitamini E, jinsengi wala michanganyiko ya mitishamba kuwa tiba ya dimenshia. Tunalitaja hilo kwa sababu mazoezi yanaweza kuuzwa yakiwa yamefungamanishwa na kopo la virutubisho.

Jambo moja la kisheria. Dawa ya binadamu, kabla ya kuuzwa nchini, huhitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Zoezi halisajiliwi. Hakuna mtu aliyelipima kabla halijakufikia, wala hakuna kijikaratasi ndani ya boksi kinachotaja madhara. Kinachobaki kumlinda mnunuzi ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha juu ya bidhaa na huduma, pamoja na maswali ambayo mnunuzi mwenyewe atayauliza kabla ya kutoa fedha.

Muulize anayeuza kama utafiti anaoutaja ulifanywa kwa wagonjwa au kwa watu wazima wa afya, na akuonyeshe. Muulize ni nani atakayesimamia, amesomea nini, na cheti chake kimetolewa na nani, kwa sababu kijana hodari wa kunyanyua vyuma si lazima awe anajua kumshika mzee mwenye mifupa iliyolainika. Muulize ni nani atakayewajibika mzee akianguka ndani ya jengo lake. Usikubali kulipa miezi mitatu mapema. Lipa kwa kipindi, maana mgonjwa wa dimenshia anaweza kukataa kesho jambo alilolifurahia leo, na ana haki ya kukataa. Ushuhuda wa bibi aliyepona usiuchukue kuwa ni uthibitisho. Hali ya wagonjwa hawa hupanda na kushuka kila siku, na mara nyingine aliyepona alikuwa na maambukizi yaliyotibiwa na hospitali wakati ule ule alipoanza mazoezi. Na yeyote atakayekushauri usimamishe dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za kumbukumbu kwa kuwa "mazoezi yanatosha", ondoka kwake siku hiyo hiyo.

Mwambieni mganga kabla ya kuanza, hususan kama mzee ana maradhi ya moyo au anatumia insulini, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa katikati ya zoezi na asiweze kueleza anavyojisikia. Chagueni saa za ubaridi. Wekeni maji karibu na myatoe wenyewe, msingoje aombe. Mgonjwa wa dimenshia aghalabu hasemi kwamba ana kiu.

Mwisho ni la utaratibu. Wanaotaka kulalamika tunawaomba waje na tangazo lenyewe, likiwa karatasi au picha iliyohifadhiwa katika simu pamoja na tarehe yake, risiti, mkataba kama upo, na majina ya waliokuwapo ahadi ilipotolewa kwa mdomo. Anayekuja kwa niaba ya mzazi aje na maelezo mafupi ya uhusiano wao. Tangazo lifutwalo mtandaoni usiku huo huo ni vigumu kulifuatilia, kwa hiyo lipigeni picha kwanza, kisha ndipo mgombane na mwenye nalo.